Protini Iliyokataa Kufa

Ukitoka Mombasa kwa barabara ya Nairobi, ukapita Mariakani, Samburu na Taru, unaingia Mackinnon Road, mji mdogo wa nyika. Kiutawala uko Kaunti ya Kwale pamoja na Diani na Msambweni, lakini huku hakuna minazi wala upepo wa bahari. Kuna miti ya miiba, vumbi jekundu, mifugo ya Waduruma na malori yasiyokoma usiku na mchana. Wasafiri wengi wanaujua kwa msikiti uliojengwa penye kaburi la Sayyid Baghali Shah, Pir Padri, mfanyakazi wa reli aliyetoka Punjab na kufariki mwaka 1902. Hadi leo madereva husimama hapo kuomba dua kabla ya kuendelea na safari.

Jina la mji limebaki kutokana na barabara ya mikokoteni ya ng'ombe ambayo kampuni ya Sir William Mackinnon, iliyopewa hati na ufalme wa Uingereza mwaka 1888, ilianza kuikata mwaka 1890 kutoka Mombasa kuelekea Busia, mpakani mwa Uganda. Reli ilifuata njia hiyo hiyo kuanzia mwaka 1896. Baada ya Vita Vikuu vya Pili jeshi la Uingereza lilianza kujenga hapa kituo kikubwa cha maghala, likakiacha; na mwaka 1954 pakageuzwa kambi ya kuwafungia Wakenya waliozolewa Nairobi katika msako wa Operesheni Anvil.

Njia hiyo ya kwenda Uganda ndiyo inayonifanya nianzie hapa. Kuna saratani ya watoto iliyotambuliwa Kampala, ng'ambo ya mpaka huo, na ambayo ukingo wa ramani yake unapita katika nyika hii ya Kwale. Saratani hiyo imewafundisha wanasayansi jinsi seli inavyoziangamiza protini zake na jinsi saratani inavyokwepa maangamizi hayo. Leo elimu hiyo hiyo inatumika kuchunguza saratani ya kongosho, mojawapo ya saratani katili kuliko zote. Nasema tangu mwanzo ninaloliamini: sehemu kubwa ya elimu hiyo ilitoka katika miili ya watoto wa Afrika Mashariki, na deni lake halijalipwa.

Denis Burkitt alizaliwa Enniskillen, Ireland, mwaka 1911. Akiwa na miaka 11 alipoteza jicho la kulia katika ugomvi wa watoto wa kurushiana mawe. Trinity College, Dublin, alianza na uhandisi kisha akahamia udaktari, na kwa jicho moja akawa daktari wa upasuaji. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili alihudumu jeshini, Kenya na Somalia zikiwa miongoni mwa vituo vyake. Mwaka 1946 aliajiriwa na serikali ya kikoloni ya Uganda, akapelekwa Lira, kaskazini mwa nchi.

Huko Lira alifanya kazi moja ndogo ambayo waandishi wengi wa maisha yake huipita haraka, nami naiona kuwa ufunguo wa yote yaliyofuata. Alikuwa akiwapasua wanaume wengi wenye mabusha. Msomaji wa Msambweni au Vanga hahitaji kuelezwa maradhi hayo. Burkitt aliona kwamba wagonjwa hawatoki wilayani kote kwa usawa, akaanza kuhesabu. Upande mmoja wa wilaya karibu theluthi ya wanaume walikuwa na mabusha. Upande wa pili alikuta mmoja tu katika kila mia. Baadaye sababu ilieleweka: minyoo inayosambazwa na mbu ilikuwa upande mmoja, haikuwa upande mwingine. Kwa hesabu hiyo alijifunza kumuuliza mgonjwa kwao ni wapi kabla ya kuuliza mengine yote, na desturi hiyo hakuiacha.

Mwaka 1957, akiwa sasa katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mwenzake Hugh Trowell alimwita wodini amwone mtoto wa kiume wa miaka mitano. Taya zote zilikuwa zimevimba, juu na chini, kulia na kushoto. Meno yalikuwa yamelegea na uso umepinda. Burkitt hakujua ni nini. Jipu halishiki pembe nne za mdomo kwa pamoja, na saratani nayo haikudhaniwa kufanya hivyo. Majuma machache baadaye, akiwa katika hospitali ya Jinja, alitazama nje ya dirisha akamwona mtoto ameketi kwenye nyasi na mamaye, uso umevimba vilevile. Akatoka, akamchunguza, akakuta uvimbe mwingine tumboni. Kitu kilichoonekana mara mbili katika miji miwili hakikuwa tena ajabu ya pekee.

Alirudi Mulago kufukua kumbukumbu za hospitali. Akagundua kwamba watoto wenye uvimbe wa taya mara nyingi walikuwa na uvimbe pia kwenye figo, ini, ovari au tezi ya koo, na kwamba kwa miaka mingi kila uvimbe ulikuwa umepewa jina lake na daktari aliyeukuta. Ugonjwa ulikuwa mmoja. Makala yake ya kwanza ilitoka mwaka 1958 katika jarida la upasuaji la Uingereza na haikuvuta watu wengi. Wataalamu wa Kampala waliotazama vipande vya uvimbe kwa hadubini, Jack Davies na Mmarekani Gregory O'Conor, walithibitisha kwamba ni limfoma, saratani ya seli za kinga. Ndiyo inayoitwa leo limfoma ya Burkitt. Hakuna saratani ya binadamu inayokua upesi kuliko hiyo: uvimbe unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili.

Kisha likaja lile swali la Lira. Burkitt alichapisha vipeperushi zaidi ya 1,000 vyenye picha za watoto wagonjwa, akavituma katika hospitali za serikali na za misheni Afrika nzima akiuliza: mmeona huu? Kila jibu la ndiyo alilichomekea pini kwenye ramani ukutani. Pini zilijipanga katika ukanda mpana uliokata bara katikati, wenye mkia ulioshuka kusini kwa kufuata mwambao wa mashariki. Ili aijue mipaka ya mkia huo ilibidi aende mwenyewe. Oktoba 1961 aliondoka Kampala na madaktari wawili wa misheni, Ted Williams na Cliff Nelson, katika gari kuukuu la Ford la mwaka 1954. Walisafiri majuma kumi, kilomita zipatazo 16,000, hadi Afrika Kusini na kurudi, wakitembelea hospitali zaidi ya 50 na kuwaonyesha madaktari na wauguzi zile picha.

Waliporudi waliona kwamba mpaka wa ugonjwa haufuati kabila wala nchi. Katika Afrika Mashariki ugonjwa ulikoma kwenye nyanda zilizopita mita 1,500 hivi juu ya bahari. Ulikoma palipo na baridi, nyuzi za Selsiasi zikishuka chini ya 16 hivi. Na ulikoma palipo pakavu, mvua ya mwaka ikiwa chini ya milimita 500 hivi. Alexander Haddow, aliyekuwa akichunguza virusi na mbu kule Entebbe, aliitazama ramani akatambua mara moja kwamba hiyo ni ramani ya wadudu. Katikati ya miaka ya 1960 Gilbert Dalldorf, akifanya kazi Kenya pamoja na Allen Linsell wa Nairobi, alitaja mshukiwa kwa jina: malaria.

Iweke Kwale juu ya ramani hiyo. Msambweni, Lunga Lunga na Shimoni ziko ndani kabisa: joto la mwaka mzima, mvua mbili, mashamba ya mpunga na madimbwi, na malaria ambayo kwa vizazi vingi ilimpata kila mtoto. Ukipanda Shimba Hills ukateremkia Kinango kuelekea magharibi, mvua inapungua kila kilomita hadi unapofika Mackinnon Road, ukingoni mwa nyika ya Taru, ambako watu huhesabu misimu iliyokosa mavuno. Huku si juu, wala hakuna baridi. Kwa vigezo vya Burkitt ni ukame pekee unaompa mtoto wa Mackinnon Road kinga ambayo mwenzake wa Msambweni hana, na ukame hautegemeki, kwa kuwa mwaka wa mvua nyingi mbu hufika. Utafiti wa Walter Mwanda wa Chuo Kikuu cha Nairobi, uliochapishwa mwaka 2004, uliitaja Pwani pamoja na Nyanza na Magharibi kuwa sehemu za Kenya zenye limfoma ya Burkitt kwa wingi.

Malaria, hata hivyo, ilikuwa nusu tu ya maelezo. Tarehe 22 Machi 1961 Burkitt alitoa mhadhara katika Hospitali ya Middlesex, London. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwa Anthony Epstein, mtafiti wa virusi vya kuku vinavyosababisha saratani, aliyetoka ukumbini akiwa na hakika kwamba kuna kirusi nyuma ya ugonjwa huu. Kuanzia hapo vipande vya uvimbe vikawa vinapanda ndege Entebbe kwenda London. Kwa zaidi ya miaka miwili Epstein hakuona kitu. Desemba 1963 ukungu ulifunga London, ndege iliyobeba kielelezo ikaelekezwa Manchester, na kichupa kilipofika maabara jioni maji yake yalikuwa yamechafuka. Mtu mwingine angedhani ni bakteria na kukimwaga. Epstein alichukua tone akalitazama: zilikuwa seli hai za saratani zikielea, zimejitenga na kipande chao. Seli hizo zilikubali kukuzwa maabara, na mwaka 1964 yeye, Yvonne Barr na Bert Achong walitangaza kirusi walichokiona ndani yake kwa hadubini ya elektroni. Kilikuwa kirusi cha kwanza kujulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Kinaitwa Epstein-Barr. Mtoto ambaye kipande kilitoka katika mwili wake hakuwekwa katika jina hilo.

Kirusi hicho kimo karibu katika kila mtu duniani, na watoto wa Afrika Mashariki wengi hukipata kabla ya kutimiza miaka mitatu. Hujificha katika seli za kinga ziitwazo seli B. Malaria inayorudi tena na tena huzichochea seli hizo zizaliane bila kupumzika, na huziamsha zitumie kimeng'enya kinachosababisha DNA ikatwe ili kutengeneza kingamwili mpya. Mahali pengi pa kukatwa maana yake ni nafasi nyingi za kuungwa vibaya. Kule North Mara, Tanzania, kuanzia mwaka 1977 watafiti waliwapa watoto klorokwini kwa miaka kadhaa kujaribu kama limfoma itapungua malaria ikipungua. Ilipungua, lakini ilikuwa imeanza kupungua kabla ya dawa, na malaria yenyewe ikaizoea klorokwini, hivyo jaribio halikutoa jibu la kukata.

Wakati London inatafuta kirusi, Nairobi ilikuwa na mkondo wake. Peter Clifford, daktari wa upasuaji wa masikio, pua na koo katika hospitali ambayo leo ni Kenyatta, aliwatibu watoto wenye limfoma ya taya na kuvituma vipande vya uvimbe kwa George na Eva Klein katika Taasisi ya Karolinska, Stockholm. Kwa miaka mingi ndege za Nairobi zilibeba vifurushi hivyo. Mwaka 1972 mume na mke kutoka Bulgaria, Georgi Manolov na Yanka Manolova, waliona katika seli za limfoma hiyo kromosomu ya 14 iliyorefuka kupita kawaida. Mwaka 1976 Lore Zech wa Stockholm alionyesha kipande cha ziada kilikotoka: kilikuwa kimekatika kutoka kromosomu ya 8 na kupandikizwa pale.

Mwaka 1982 maabara za Marekani, ya Carlo Croce na Riccardo Dalla-Favera kwa upande mmoja na ya Philip Leder kwa upande mwingine, zikaijua jeni iliyosafiri na kipande hicho. Ni MYC. Katika seli ya kawaida MYC huamrisha seli ikue na kugawanyika, kisha hunyamazishwa. Ikihamia kromosomu ya 14 hujikuta jirani na jeni za kingamwili, ambazo katika seli B haziruhusiwi kulala. MYC nayo ikakosa kulala.

Kwa miaka kumi hivi ilidhaniwa maelezo yamekamilika: amri nyingi mno, protini nyingi mno, saratani. Lakini wingi wa kitu mwilini hautegemei tu kasi ya kutengenezwa. Unategemea pia kasi ya kuharibiwa, na hilo ndilo lilikuwa likifunuliwa mbali kabisa na wodi za Mulago.

Huko Haifa, Israel, Avram Hershko na mwanafunzi wake Aaron Ciechanover walikuwa wakihangaika na swali ambalo wengi waliliona halina faida: protini iliyokwisha kazi huondokaje? Wakishirikiana na Irwin Rose wa Philadelphia, mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 waligundua kwamba seli huibandika kwanza protini inayotakiwa kuondolewa. Kibandiko chenyewe ni protini ndogo ya asidi amino 76, yubikwitini. Mfugaji wa Mackinnon Road akipaka rangi ubavuni mwa ng'ombe aliyeuzwa kwa mchinjaji, wote mnadani wanajua huyo anakwenda wapi. Yubikwitini ni alama ya namna hiyo. Protini iliyobandikwa mnyororo wa yubikwitini huingizwa katika proteasomu, chombo chenye umbo la pipa refu, na huko hukatwa vipande vidogo vya kutumika upya. Watatu hao walipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2004.

Jambo zito hapa ni uchaguzi. Seli haibandiki ovyo. Ina mamia ya vimeng'enya, kila kimoja kikitambua protini zake na dalili inayoonyesha kwamba wakati wake umefika. Kwa MYC wakati ni mfupi sana: katika seli yenye afya nusu yake huwa imeangamizwa ndani ya dakika 20 hadi 30. Protini yenye nguvu ya kuiamuru seli nzima igawanyike haiachwi ikae hadi saa ijayo.

Ian Magrath, daktari aliyewahi kufanya kazi katika kituo cha limfoma cha Kampala kabla ya kuhamia Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, alirudi kwenye limfoma ya Burkitt na swali jipya. Mwaka 1993 yeye, Kishor Bhatia na wenzao walisoma herufi za MYC iliyohama na kukuta kwamba mara nyingi haikuwa imehama tu. Ilikuwa pia imebadilika, na mabadiliko yalisongamana mahali pamoja mwanzoni mwa protini, hasa penye asidi amino ya 58, ambapo panapaswa kuwa na threonini. Mabadiliko ya bahati mbaya husambaa kila mahali. Yanaposongamana mahali pamoja, ujue saratani inafaidika napo.

Faida hiyo ilieleweka kati ya mwaka 1999 na 2000, maabara kadhaa zikikaribiana kwa miezi, mojawapo ikiwa ya Lars-Gunnar Larsson nchini Uswidi. MYC iliyobadilika penye 58 haibandikwi yubikwitini sawasawa, kwa hiyo haiingii katika proteasomu kwa wakati wake. Inaishi. Mwaka 2004 watafiti wa Seattle, Marekani, na wa Kyushu, Japani, walimtambua mbandikaji mwenyewe: protini iitwayo FBW7. Kimeng'enya GSK3 huweka fosfeti kwenye threonini ya 58, FBW7 huisoma fosfeti hiyo kama dalili kwamba muda umekwisha, na MYC hubandikwa na kuondolewa. Mtoto mwenye limfoma ya Burkitt huweza kuwa na MYC isiyokuwa na mahali pa kuwekea fosfeti. FBW7 yake ni nzima kabisa, iko kazini, lakini inapita karibu na MYC bila kuiona.

FBW7 ni mojawapo ya jeni zinazozuia saratani, na historia hii ilibadilisha jinsi tunavyozielewa. Zamani tulizifikiria kama breki za kugawanyika kwa seli. Sasa ni wazi kwamba baadhi yake kazi yao ni kuamua nani afe na nani abaki. Wala uharibifu wa protini si jambo jema daima. Mzuiaji maarufu kuliko wote, p53, katika seli tulivu huangamizwa kila saa na mbandikaji wake MDM2, kwa sababu p53 iliyozagaa ingeiua seli bila kosa. DNA ikiumia, MDM2 huzuiwa, p53 hujikusanya, na seli husimama au hujiua. Seli yenye MYC nyingi ilipaswa kujiua kwa njia hiyo hiyo, na ndiyo maana katika sehemu kubwa ya limfoma za Burkitt p53 nayo hukutwa imevunjika. Mwaka 2005 kundi la Scott Lowe lilionyesha kwa panya kwamba MYC zenye mabadiliko yaliyotoka katika limfoma hizo hushindwa pia kuamsha sehemu ya njia ya kujiua, na hivyo huleta saratani hata p53 ikiwa nzima.

Huu ndio wakati wa kuwataja waliotibu, maana wagonjwa hawakungoja hadi 2004. Mulago haikuwa na mashine za mionzi katika miaka ya 1960, kwa hiyo Burkitt alijaribu dawa: methotreksati, siklofosfamaidi, vinkristini. Watoto waliofika uso umefumuka walipata nafuu kwa siku chache, na baadhi yao, kwa dozi chache tu, hawakuugua tena. Wakati huo madaktari wengi duniani hawakuamini kwamba saratani inaweza kupona kwa dawa peke yake. Mwaka 1967 kilifunguliwa Kampala kituo cha matibabu ya limfoma kilichokuja kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda, John Ziegler wa Marekani akikiongoza. Wamarekani walipoondoka mwanzoni mwa utawala wa Idi Amin, Charles Olweny, daktari Mganda, alibaki akiiendesha taasisi katika miaka ambayo kupata dawa na hata umeme ilikuwa taabu. Vitabu vinampa Burkitt kurasa na Olweny mistari. Naona huo si uwiano wa haki.

Leo katika nchi tajiri zaidi ya watoto 9 kati ya 10 wenye limfoma ya Burkitt hupona. Afrika Mashariki wanaopona ni wachache kuliko hao kwa mbali, na dawa zenyewe ni za zamani, nyingi ni zile zile za Mulago. Kinachoua ni muda. Uvimbe unaoongezeka maradufu kwa siku mbili hausubiri familia iliyoko ndani ya Kinango ikusanye nauli, ing'oe jino kwanza katika zahanati, irudi nyumbani, ijaribu dawa za mitishamba, ifike Msambweni, kisha itumwe Hospitali Kuu ya Pwani, Mombasa, na pengine Nairobi kusubiri jibu la maabara. Mtoto ambaye taya yake imevimba na meno yanalegea bila kuoza anahitaji kipande cha uvimbe kichukuliwe juma hilo hilo. Katika utafiti mkubwa wa miaka ya 2010 uliofanyika Uganda, Tanzania na magharibi mwa Kenya chini ya Sam Mbulaiteye, mtaalamu Mganda aliyeko Marekani, damu za watoto zilikusanywa vijijini kwa utaratibu ambao Burkitt angeutamani. Pwani ya Kenya haikuwa ndani yake. Hapa malaria imepungua sana tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, vyandarua na dawa mpya vikichangia, na inawezekana kabisa kwamba watoto wa Kwale wameokolewa na limfoma bila mtu yeyote kuwahesabu.

Wanasayansi, walipokwisha kuijua FBW7, hawakuishia kwenye limfoma. Waliitafuta kila mahali MYC ilipozidi, na mojawapo ni kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo ambacho saratani yake hukua kimya hadi imesambaa. Kimahesabu magonjwa haya mawili hayafanani hata kidogo: moja ni la watoto, linawaka haraka na hupona kwa dawa; jingine ni la watu wazima, na wengi wa wagonjwa hufariki ndani ya mwaka wa kugunduliwa. Zaidi ya asilimia 90 ya saratani za kongosho huanza na jeni ya KRAS iliyokwama ikiwa imewashwa. Baada yake hupotea wazuiaji, p53 katika sehemu kubwa ya wagonjwa, na SMAD4, jeni iliyotambuliwa mwaka 1996 huko Johns Hopkins, katika nusu yao hivi.

Katika kongosho MYC kwa kawaida haikuhama kromosomu, wala threonini ya 58 haikubadilika. Hata hivyo inadumu kupita kiasi. Mwaka 2015 watafiti kutoka China walieleza sababu mojawapo. KRAS iliyokwama huwasha mnyororo wa vimeng'enya unaoishia kwa ERK, na ERK huibandika FBW7 yenyewe fosfeti penye threonini ya 205. Kuanzia hapo FBW7 ndiyo inayopelekwa kwenye proteasomu. Katika limfoma ya Msambweni au Kampala protini ilijificha machoni pa mbandikaji. Katika kongosho mbandikaji anaangamizwa kwa mitambo ile ile aliyokuwa akiitumia kuwaangamiza wengine. SMAD4 nayo ina yake: baadhi ya mabadiliko yanayoipata hayaifuti jeni, bali huifanya protini yake ivunjwe upesi mno, kabla haijafanya kazi yoyote. Kwa hiyo mtu anayetafuta dawa ya kongosho hawezi tu kuizima proteasomu. Angeiokoa FBW7 na papo hapo akaiokoa MYC pamoja nayo.

Njia iliyobaki ni kuiendea MYC moja kwa moja, protini ambayo kwa miaka mingi iliitwa isiyoshikika kwa sababu haina mfuko ambamo dawa ndogo ingeweza kukaa. Laura Soucek wa Barcelona ametumia zaidi ya miaka 20 juu ya protini ndogo ya kutengenezwa, Omomyc, inayokamata nafasi ya MYC kwenye DNA. Jaribio la kwanza kwa binadamu, lililofanyika Uhispania na kuchapishwa mwaka 2024, lilikuwa na wagonjwa 22 wenye saratani mbalimbali zilizoshindikana, na kwa mmoja wao, mwenye saratani ya kongosho, uvimbe ulipungua karibu nusu. Matokeo ya mtu mmoja si tiba. Lakini yalitosha kufungua jaribio la pili kwa wagonjwa wa kongosho peke yao, Omomyc ikichanganywa na dawa za kawaida, dhidi ya protini ambayo uasi wake ulionekana kwa binadamu mara ya kwanza mwaka 1982, katika seli za limfoma iliyotambuliwa kwanza kwa watoto wa ukanda ule wa joto na mvua.